8 ÷ 2(2 + 2): kambi ya 16 au kambi ya 1?

Ukitaka kuwagombanisha watu wazima wenye akili zao, huhitaji siasa wala mpira. Andika 8 ÷ 2(2 + 2) = ? kisha kaa pembeni utazame. Punde zitazuka kambi mbili: moja inaapa kwamba jibu ni 16, nyingine inaapa kwamba ni 1, na kila kambi inashangaa wale wengine walivukaje shule ya msingi.

Kambi ya 16 inakwenda hivi. Mabano kwanza: 2 + 2 ni 4. Inabaki 8 ÷ 2 × 4. Kugawanya na kuzidisha ni ndugu wa daraja moja, kwa hiyo aliye kushoto ndiye anayetangulia: 8 ÷ 2 ni 4, mara 4 ni 16. Kambi ya 1 nayo inaanza na mabano, hapo haina ubishi. Ila ikiiona ile 2 imegandana na mabano bila alama yoyote katikati, inasema 2(4) ni kitu kimoja, nacho ni 8. Basi 8 ÷ 8 ni 1.

Tazama vizuri: hakuna aliyekosea kujumlisha, kuzidisha wala kugawanya. Wamepishana mahali pamoja tu. Je, kuzidisha kusikoandikiwa alama kuna nguvu sawa na kuzidisha kwenye alama ya ×, au kuna nguvu zaidi? Hapo ndipo pa kuchagua, na hapo ndipo nitakapozilinganisha njia hizi mbili, pamoja na ya tatu ambayo kwenye mabishano haitajwi sana kwa sababu inaua ubishi.

Mtego wenyewe si wa jana. Mwaka 2011 yalizunguka mafumbo mawili ya aina hii, 48 ÷ 2(9 + 3) na 6 ÷ 2(1 + 2). Hili la 8 lilishika moto mwaka 2019, hadi Steven Strogatz, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cornell, akalifafanua kwenye gazeti la New York Times mwezi Agosti. Namba hubadilishwa tu ili fumbo lionekane jipya.

Kwanza tenga yenye utata na yasiyo nao

Si kila fumbo linalogombaniwa lina utata. 7 + 7 × 7 − 7 lina jibu moja, 49. Anayesema 91 amesahau kwamba kuzidisha kunatangulia kujumlisha, na hatapata kitabu cha hesabu cha kumtetea. Hapo hakuna cha kuchagua.

Yapo pia ya ujanja. Ninalolipenda mimi ni hili: "230 − 220 × 0.5. Huwezi kuamini, lakini jibu ni 5!" Anayefuata namba zilivyopangwa bila kujali kanuni anapata 10 × 0.5, yaani 5, anatabasamu na kupita. Anayejua kanuni anapata 230 − 110, yaani 120, anakasirika na kuanza kusahihisha watu. Kumbe ile alama ya mshangao haikuwekwa kwa mshangao. Katika hesabu, 5! ni 5 × 4 × 3 × 2 × 1, na hiyo ni 120. Mtungaji amewanasa wote wawili.

Halafu kuna yale ya 1 + 4 = 5, 2 + 5 = 12, 3 + 6 = 21, 8 + 11 = ? Humo alama ya + imepewa maana nyingine kabisa na wewe unatakiwa kuikisia. Wengine wanaongeza jibu la mstari uliotangulia na kupata 40. Wengine wanazidisha kisha wanajumlisha namba ya kwanza, 8 + 8 × 11, na kupata 96. Cha kuchekesha ni kwamba ukiijaza mistari iliyorukwa, kuanzia 4 + 7 hadi 7 + 10, njia iliyotoa 40 nayo inatua kwenye 96. Lakini hayo ni mafumbo ya kukisia, hayahusiani na mpangilio wa matendo, kwa hiyo nayaacha hapo.

Utata wa kweli huhitaji vitu vitatu vikutane kwenye mstari mmoja: alama ya kugawanya ya kulala na mstari (÷ au /), kuzidisha upande wake wa kulia, na kuzidisha huko kuwe hakuna alama. Ondoa kimoja, moto unazimika. 2(2 + 2) ÷ 8 ni 1 kwa kila mtu. 8 ÷ 2 × (2 + 2), yenye alama ya × wazi, leo karibu kila aliyefundishwa shuleni ataisoma 16.

Njia ya kwanza: kuzidisha ni kuzidisha, twende kushoto kwenda kulia

Wengi wetu tuliingia humu kwa mlango wa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Waliosoma kwa Kiingereza walikariri BODMAS. Wamarekani wana PEMDAS yao, ambayo inataja kuzidisha kabla ya kugawanya. Nguvu ya njia hii ni urahisi. Kanuni ni moja, haiulizi kama alama imeandikwa au imeachwa, haiulizi kama ulicho nacho ni namba au herufi. Unafungua mabano, unamaliza vipeo kama vipo, unapita kushoto kwenda kulia ukizidisha na kugawanya, unapita tena ukijumlisha na kutoa. Hata mashine inaielewa.

Tatizo la kwanza liko kwenye neno lenyewe la kukariri. MAGAZIJUTO inasikika kama ngazi yenye vidato vitano, kumbe vidato ni vitatu: mabano, kisha kugawanya na kuzidisha pamoja, kisha kujumlisha na kutoa pamoja. (Vipeo havimo kabisa.) Sasa mwanafunzi akilifuata neno herufi kwa herufi, anaumia wapi? Nimewahi kukaa na karatasi kulitafuta hili, na jibu lilinifurahisha.

Kugawanya kabla ya kuzidisha hakumdhuru. Chukua 5 × 12 ÷ 4. Kushoto kwenda kulia ni 60 ÷ 4, yaani 15. Ukianza kugawanya ni 5 × 3, yaani 15 vilevile, na itakuwa hivyo daima. Mkia ndio wenye sumu. 10 − 4 + 3 ni 9, lakini anayejumlisha kwanza kwa kuwa JU imetangulia TO atatoa 7 kwenye 10 na kubaki na 3. Neno lingekuwa MAGAZITOJU, kosa hilo lisingekuwapo: kutoa kwanza kisha kujumlisha kunakuacha salama kila mara, kwa sababu ileile inayofanya kugawanya kwanza kuwe salama. Neno halipendezi mdomoni, nakubali, lakini hesabu yake ni safi. PEMDAS inavunjika sehemu zote mbili, maana anayeifuata kama ilivyoandikwa atafanya 12 ÷ 2 × 3 kuwa 12 ÷ 6, yaani 2, badala ya 18.

Hili lina uzito kwenye ugomvi wetu. Kuna watu wamo kambi ya 1 kwa sababu ya PEMDAS tu, wakidhani kuzidisha ni mkubwa wa kugawanya. Hao wamekosea hata kama jibu lao lina watetezi. Wengine wanasema "mabano hayajaisha hadi alama za mabano zitoweke", kwa hiyo lazima 2 iingizwe kwanza. Hiyo pia si hoja. Kanuni ya mabano inazungumzia kilicho ndani. Ile 2 iko nje. Kambi ya 1 ina hoja nzuri, lakini si hizo.

Tatizo la pili la njia hii ni herufi. Uliza aliyesoma aljebra: 6x ÷ 2x ni ngapi? Atajibu 3 bila kufikiri. Kwa njia ya kushoto kwenda kulia, 6x ÷ 2x ni 6x ÷ 2 × x, na hiyo ni 3x². Mtu huyohuyo aliyekuwa akipigania 16 dakika moja iliyopita, akiwekewa x badala ya mabano anahama kambi bila kujua.

Njia ya pili: kilichogandana kinakwenda pamoja

Hoja nzuri ya kambi ya 1 ni hiyo ya herufi. Katika aljebra 2x hatuioni kama tendo linalosubiri kufanywa. Tunaiona kama kitu, kama jina. Mwaka 1917 N. J. Lennes aliandika katika jarida la American Mathematical Monthly kwamba vitabu vinafundisha kanuni moja na wanahisabati wanaishi kwa nyingine: wakiona 9a² ÷ 3a wanaisoma 3a, wakati kanuni ya vitabuni ingetoa 3a³. Miaka 11 baadaye Florian Cajori, aliyeandika historia ya alama za hesabu, alisema wazi kwamba ÷ na × zikikutana katika hesabu moja hakuna makubaliano ipi itangulie. Kwa hiyo anayekuambia kwamba jambo hili liliamuliwa zamani, ni wewe tu hukusoma, mwulize liliamuliwa lini.

Wanafizikia ndio wenyeji wa kambi hii. Wanaandika h/2π kwenye mstari mmoja na kila mwenzao anaelewa kwamba 2 na π zote ziko chini. Anayeisoma kwa kushoto kwenda kulia atapata nusu ya h mara π, jibu kubwa kuliko lililokusudiwa kwa π² nzima, karibu mara 9.87. Majarida ya Physical Review yaliwahi hata kuliweka kwenye maelekezo yao kwa waandishi: kuzidisha kunatangulia kugawanya kwa mkwaju (/). Humo kosa la kusoma linaharibu matokeo ya maabara.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba gundi yake haina mpaka unaojulikana. Tunasema kilichogandana kina nguvu kuliko kugawanya, sawa, lakini kina nguvu kuliko kipeo? Hapana: 2x² ni 2 mara x², si 2x yote kwa kipeo cha pili. Basi gundi ni ya katikati, ina nguvu kuliko ÷ na dhaifu kuliko kipeo. Kisha tazama 2½. Namba mbili zimegandana, hakuna alama katikati, na maana yake ni 2 + ½! Kwenye namba mchanganyiko kukaa bila alama ni kujumlisha. Mtoto anayeambiwa leo "ukiona vimegandana, zidisha" alisoma jana vilivyogandana ambavyo vinajumlishwa, na hakuna aliyemwomba radhi.

Tena hoja ya herufi inapungua nguvu unaporudi kwenye namba tupu. Mwandishi wa h/2π ana sababu ya kuigandisha: 2π ni kiasi anachokijua, mzunguko mzima. Aliyeandika 2(2 + 2) hana kiasi chochote kichwani. Ameazima mwandiko wa aljebra akautia kwenye hesabu ya namba ili tugombane, nasi tumemtii.

Kabla ya kwenda kwenye mashine, hizi hapa njia mbili kwenye mafumbo yaleyale:

| Iliyoandikwa | Kushoto kwenda kulia | Kilichogandana kwanza |
|---|---|---|
| 8 ÷ 2(2 + 2) | 16 | 1 |
| 6 ÷ 2(1 + 2) | 9 | 1 |
| 48 ÷ 2(9 + 3) | 288 | 2 |
| 6x ÷ 2x | 3x² | 3 |
| 1/2x, x ikiwa 4 | 2 | 0.125 |

Mistari mitatu ya juu inamvuta msomaji wa kawaida kushoto, miwili ya chini inamvuta kulia. Na ni swali lilelile moja.

Basi tuulize kikokotoo

Hapa ndipo mabishano mengi huishia: mtu anapiga picha ya kikokotoo chake, anaitupa katikati na kuondoka kama mshindi. Shida ni kwamba mwenzake naye ana picha.

Vikokotoo vya kisasa vya Casio vya mfululizo wa ClassWiz viko kambi ya 1, na vinalisema waziwazi: ukiandika 6 ÷ 2(1 + 2) vinakuongezea mabano vyenyewe, inakuwa 6 ÷ (2(1 + 2)), jibu 1. Naiheshimu tabia hiyo, maana unaona ulivyoeleweka. Texas Instruments imekaa kambi zote mbili kwa zamu. TI-82 ya mwaka 1993 iliisoma 1/2X kama 1 kwa 2X. TI-83 iliyotoka mwaka 1996 ikaisoma kama nusu ya X. Kampuni ileile, wanafunzi walewale, miaka mitatu tu. Ukiandika 8÷2(2+2) kwenye Google unapata 16, nayo huionyesha hesabu ikiwa imeongezewa mabano kufuata kambi hiyo.

Kile kikokotoo kidogo cha mezani hakimo kambi yoyote. Bonyeza 2 + 3 × 4 = na kitakuambia 20, kwa sababu kinafanya tendo mara unapobonyeza linalofuata; hakijui kwamba kuna × inakuja. Programu ya kikokotoo ya Windows ina tabia zote mbili ndani ya sanduku moja: ikiwa kwenye hali ya kawaida inasema 20, ukiihamishia hali ya kisayansi inasema 14. Anayeuliza "kikokotoo kinasemaje" hajamaliza swali lake.

Lugha za programu zinafurahisha zaidi. Python ukiipa 8/2(2+2) haikupi 16 wala 1. Inakukatalia, kwa kuwa ikiona namba imefuatwa na mabano inadhani unaiita 2 kama jina la kazi fulani, na 2 haiitiki. JavaScript inakataa kwa sababu ileile. Zote mbili zinataka uandike nyota, 8/2*(2+2), na ukiiandika umeshachagua 16 wewe mwenyewe. Lugha ya Julia, iliyotengenezwa kwa ajili ya hesabu za kisayansi, inaruhusu kugandisha na iko kambi ya 1 kwa makusudi. Maelezo yake rasmi yanatoa mfano wa 6 // 2(2+1), ambako // ni alama ya sehemu, na jibu ni 1.

Halafu iko APL ya Kenneth Iverson. Iverson alitazama wingi wa alama alizokuwa nazo, akaona kuzipanga kwa madaraja ni kuwabebesha watu mzigo, akafuta madaraja yote. Katika APL kila tendo lina cheo kimoja na kila kitu kinafanywa kutoka kulia. 10 − 4 + 3 humo ni 3, lile jibu tuliloliita kosa hapo juu. 8 ÷ 2 × 2 + 2, bila mabano hata moja, ni 1. Watu wameandika programu za kweli kwa lugha hiyo tangu miaka ya 1960 na dunia haikuanguka. Anayesema kuzidisha kutangulia kujumlisha ni sheria ya maumbile na aitazame APL: ni sheria ya uandishi. Tunaitunza kwa sababu inatupunguzia mabano kwenye aljebra, na inafanya kazi hiyo vizuri sana.

Tukiwa hapohapo, onyo moja kwa wanaotumia Excel. Ukiandika =-2^2 itakupa 4, kwa sababu inaishika alama ya hasi kabla ya kipeo. Python, ambako kipeo huandikwa kwa nyota mbili, ikipewa -2**2 inatoa −4, kama wanahisabati wanavyosoma. JavaScript imeona aibu ya kuchagua: inakataa kabisa hadi uweke mabano. Na 2^3^2 ni 64 kwenye Excel, lakini 2**3**2 ni 512 kwenye Python. Fumbo la 8 ÷ 2(2 + 2) limepata umaarufu wote, kumbe haya ya vipeo ndiyo yanayoingia kwenye majedwali ya kazi kimyakimya bila mtu kubishana.

Njia ya tatu: usiliandike hivyo

Alama ya ÷ nayo inahusika kidogo katika lawama. Johann Rahn aliichapisha kama alama ya kugawanya mwaka 1659, mjini Zürich. Waingereza wakaipenda. Leibniz yeye akachagua nukta mbili, na sehemu kubwa ya bara la Ulaya ikamfuata. Huko Denmark na Norwei ÷ imetumika muda mrefu kama alama ya kutoa, kwa hiyo kuna wasomaji ambao 8 ÷ 2 kwao ni 6. Kiwango cha kimataifa cha alama za hesabu, ISO 80000-2, kinashauri isitumike kabisa kwa kugawanya. Kuhusu mkwaju, viwango vya ISO vinaagiza usifuatwe na alama ya kuzidisha au ya kugawanya kwenye mstari huohuo bila mabano ya kuondoa utata. Yaani fumbo letu limevunja adabu ya uandishi kabla halijafikia kuwa na jibu.

Mstari wa sehemu hauna matatizo haya. Ukiweka 8 juu, mstari, kisha 2(2 + 2) chini, umesema 1 na hakuna atakayekubishia. Ukiweka 8 juu ya 2, kisha (2 + 2) pembeni, umesema 16. Kiasi juu, asili chini. Karatasi yenyewe inafanya kazi ya mabano. Ndiyo maana mwanahisabati akiwa na ubao na chaki haingii kwenye ugomvi huu: mkono wake hauandiki ÷ tangu alipomaliza shule.

Kwenye kibodi, ambako hakuna juu wala chini, mabano ndiyo dawa: (8/2)*(2+2) au 8/(2*(2+2)). Yanachosha macho kidogo, sikatai. Wasiopenda mabano wana mlango mwingine, ule wa kuandika namba kwanza na tendo baadaye, uliotokana na wazo la Jan Łukasiewicz, mwanamantiki wa Poland, na ukaingia mifukoni mwa wahandisi kupitia kikokotoo cha HP-35 mwaka 1972. Humo 16 inaandikwa 8 2 ÷ 2 2 + × na 1 inaandikwa 8 2 2 2 + × ÷. Hakuna madaraja, hakuna mabano, hakuna utata, na hakuna anayekuelewa ila waliozoea. Nilikipenda kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo uchague ipi?

Inategemea kama unasoma au unaandika, na unamsoma nani.

Ukiwa kwenye mtihani wa shule, chukua kushoto kwenda kulia, isipokuwa kitabu chako kimesema vingine. Msahihishaji ana mwongozo mkononi na mwongozo huo karibu kila mara umeandikwa na mtu wa MAGAZIJUTO au BODMAS. Ukiwa unasoma makala ya fizikia au kitabu cha aljebra na umekutana na 1/2x au h/2π, chukua kilichogandana kwanza. Ukichukua ile nyingine utakuwa mkali wa kanuni na mbovu wa fizikia. Kama una shaka, tazama vipimo: kama jibu linatakiwa kuwa mita na wewe umepata mita za mraba, umesoma kwa kambi isiyo ya mwandishi.

Ukiwa unaandika programu au jedwali, usichague kati ya hizo mbili. Weka nyota kila mahali na mabano kila kwenye mkwaju, hata pale unapojua kwamba lugha yako haiyahitaji. Utakayemsaidia ni wewe wa mwakani, ambaye atakuwa amesahau. Na mwenye kikokotoo kipya akijaribu mara moja tu, 6 ÷ 2(1 + 2). Akiona 9 au 1 ameshakijua kikokotoo chake, na hiyo ni dakika moja kabla ya mtihani badala ya kilio baada yake.

Mwalimu ambaye anatunga swali lenye ÷ na mabano yaliyogandana upande wa kulia, mimi namwona kama mtu anayepima kitu kingine, si hesabu. Kama anataka kujua iwapo wanafunzi wanaelewa mpangilio wa matendo, 20 − 12 ÷ 4 + 1 inatosha. Atakayepata 18 anaelewa, atakayepata 3 anakwenda tu kama namba zilivyopangwa, na atakayepata 16 amekwama kwenye ule mkia wa JU kabla ya TO. Makosa mawili tofauti yanahitaji masomo mawili tofauti, na swali hili moja linakuonyesha yote mawili waziwazi. Swali la 8 ÷ 2(2 + 2) halikuonyeshi chochote zaidi ya kikokotoo cha nyumbani kwao.

Ukilazimishwa uwe na kambi, mimi niko hivi: penye herufi niko kambi ya 1, penye namba tupu niko kambi ya 16, na penye fumbo lililotungwa ili tugombane nadai liandikwe upya. Najua hiyo inasikika kama kukwepa. Ndiyo maana siku hizi nikiletewa 8 ÷ 2(2 + 2) na mtu mwenye uhakika wa 16, simjibu. Namwuliza 6x ÷ 2x ni ngapi, x ikiwa 5. Akisema 3, namrudishia fumbo lake anieleze tofauti iko wapi. Akisema 75, nampa mkono: huyo angalau habadiliki.